Jibu: Poka na laki 5 ya foreksi

Mkuu, umeuliza kama poka (mchezo wa karata wa kuweka dau) inamfunza chochote anayeanza foreksi (biashara ya fedha za kigeni) na laki 5 hapo Mbeya. Inafunza hesabu ya dau. Mezani kuna 300, unatakiwa kuweka 100: lazima ushinde zaidi ya mara 1 kati ya 4. Una kopa 4, unahitaji ya 5 ili ushinde, na imebaki karata moja kufunuliwa? Kopa zilizobaki ni 9 kati ya 46 usizoziona, karibu asilimia 20, haifiki 25 inayotakiwa. Tupa karata, kama unavyouacha mchele wa bei mbaya pale soko la Mwanjelwa.

Kwenye chati ya foreksi, hatarisha 10,000 (asilimia 2 ya laki 5) ukilenga 30,000. Hesabu ni ileile, ila spredi (tofauti ya bei ya kununua na kuuza) inakula kidogo. Wengi wanaunguza akaunti kwa kusogeza stop losi (bei uliyopanga kufunga biashara ukipata hasara), au kuongeza loti (ukubwa wa biashara) mara mbili ili warudishe hela. Ukipigwa mara 3, funga simu.