Simu ya intaneti dukani: muulize fundi kabla hajaondoka

Duka langu la dawa liko Kondele, Kisumu. Simu huanza kulia saa moja asubuhi. Mama anauliza kama dawa za kisukari za mumewe zimefika, kijana ananong'ona jina la dawa asiyotaka nyumbani walisikie. Tulipohamia simu za intaneti ili kupunguza gharama, fundi alimaliza kazi siku moja, akasema mazungumzo yote yatarekodiwa kwa usalama wetu. Nikakubali bila kuuliza swali.

Miezi baadaye, fundi mwingine aliyekuja kutengeneza rauta aliunganisha laptopu kwenye Wi-Fi tunayowapa wateja, akanisikilizisha sauti ya yule mama akieleza ugonjwa wa mumewe. Ukurasa wa rekodi ulikuwa na nenosiri lile lile la kiwandani. Niliumia sana. Mama huyu alinieleza mimi, hakulieleza soko la Kondele.

Nilidhani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 ni ya mabenki. Kumbe hali ya afya ya mtu ni data nyeti, na anayeamua irekodiwe ndiye huwajibika, hata kama waya aliunganisha mwingine. Ikimfikia asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, una saa 72 tangu ujue kumjulisha Kamishna wa Data, na mwenye data hiyo pia aambiwe. Nilifanya yote mawili. Kumpigia yule mama ndiko kulikokuwa kugumu.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye duka, zima kurekodi kwanza. Ukiwa na sababu ya kweli ya kurekodi, mwambie mteja kabla hajaanza kueleza shida zake, na uweke siku ya kufuta. Badilisha nenosiri la kila kifaa, hata simu ya mezani yenyewe. Wateja wapewe Wi-Fi yao, mbali na ya simu.

Kisha muulize anayekuuzia huduma kama ana TLS na SRTP, njia mbili za kufunga simu za intaneti ili wengine wasizisome wala kuzisikiliza. Mtajie zote mbili, maana wengi huwasha moja tu. TLS huficha nani anampigia nani. SRTP huficha sauti. Bila SRTP, aliye kwenye mtandao wako anaweza kunasa maongezi kwa programu ya bure kama Wireshark.

Simu za ng'ambo zifungwe pia kama huzihitaji. Wezi huingia kwenye laini yako usiku na kupiga ng'ambo, bili ikakujia wewe.

Yule mama bado hununua kwangu. Siku hizi, kabla ya kutaja dawa, huniuliza kama simu inarekodi. Humjibu hapana, ndipo aendelee.