Kikao gani cha kuacha pombe kitanifaa?

*Nimeamua kuacha pombe. Nilienda kikao kimoja cha AA (Alcoholics Anonymous, makundi ya watu wanaosaidiana kuacha pombe) hapa Nairobi, nikakuta wazee wa suti wakisoma kitabu cha Kiingereza kigumu na kumtaja Mungu kila dakika. Sikurudi. Je, vikao vyote viko hivyo? – Fundi wa magari, Kariobangi*

Kaka, kabla ya kikao tuanze na mwili wako. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ("kutoa loki"), usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mtetemeko na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kuona vitu visivyokuwepo kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo huua. Nenda hospitali, mweleze daktari kiasi unachokunywa bila kukipunguza. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo, pamoja na vitamini B1. Kikao hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Sasa kikao. Ulichokiona ni kundi moja tu. Kila kundi la AA hujiendesha lenyewe, hakuna bosi wa juu, na ndiyo maana mawili ya mtaa mmoja hayafanani. Kitabu kile kilitoka mwaka 1939, hivyo lugha yake ni ya enzi hizo. Kuhusu Mungu, maneno yao ni "Mungu kadiri tunavyomwelewa". Sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Mwislamu anaingia, asiye na dini anaingia, hata kama chumba ni cha kanisa. Mara nyingi kundi limekodi tu. Ukiona bado hakukai vizuri, ipo SMART Recovery, isiyo na sala, inayofundisha mbinu za kudhibiti hamu na mawazo. Vikao vyake vingi viko mtandaoni, kwa Kiingereza.

Piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize vikao vilivyo karibu nawe. Ukipata namba ya kundi, uliza: kikao ni cha wazi au cha kufungwa? Cha wazi anaingia yeyote, hata ndugu. Cha kufungwa ni cha wanaotaka kuacha pekee. Ni cha msemaji mmoja, cha kusoma hatua 12 (mwongozo wa AA wa kuacha pombe), au cha mazungumzo? Na je, naweza kuongea Kiswahili? Kwa aliyekwazwa na kitabu tungependekeza kikao cha mazungumzo.

Saa ndiyo watu huipuuza, nasi tunaiona nzito kuliko zote. Kwa sheria ya 2010 baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kikao cha saa nne asubuhi hakitakusaidia jioni ukifunga gereji na wenzako wakielekea kaunta. Tafuta cha saa kumi na mbili, kisichohitaji matatu mbili, na njia yake isipite mbele ya baa yako.

Kikao huchukua saa moja hadi moja na nusu. Jina la kwanza latosha. Zamu yako ikifika unaweza kusema "leo nasikiliza tu", na hakuna atakayekuhoji. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni halazimiki kutoa. Lipe kila kundi angalau siku tatu, kwa kuwa siku ya kwanza mtu husikia aibu yake tu. Lakini ondoka mara moja ukiambiwa uache dawa za daktari, ukiombwa mkopo, au ukisikia maneno ya chumbani yakisimuliwa nje.

Utasikia pia "vikao 90 kwa siku 90". Hilo ni pendekezo. Kwa anayelipwa kwa siku, vikao vitatu kwa wiki na simu kwa sponsa (mwanachama mzoefu anayekushika mkono) siku zilizobaki ni mwanzo mzuri. Sponsa awe wa jinsia yako, awe amekaa mwaka au zaidi bila pombe, na umwombe wewe mwenyewe. Wengi husubiri kuchaguliwa, wakapotea.

*Mume wangu hataki kusikia habari ya vikao. Nimpeleke kwa nguvu? – Mama wa watoto wawili, Nakuru*

Hapana, dada. Atakaa kiti cha nyuma, na jioni atapita kaunta. Nenda wewe kwanza: Al-Anon, iliyoanzishwa 1951, ni ya jamaa za walevi, na huhitaji ruhusa yake. Waweza pia kuhudhuria kikao cha wazi cha AA peke yako. Acha kumlipia madeni ya baa na kumdanganyia bosi wake kwamba ana malaria. Akikupiga, hilo ni suala jingine: piga 1195, laini ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure.

*Niko Lodwar, sijasikia kikao chochote huku. – Mwalimu*

Mwalimu, watu wawili wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanatosha kujiita kundi la AA. Wakati unamtafuta wa pili, AA wana orodha ya vikao vya mtandaoni, usiku na mchana. Hakikisha saa iliyoandikwa ni ya Afrika Mashariki, badilisha jina linaloonekana kwenye skrini, na uzime kamera ili bando lisiishe kabla ya kikao.