Dakika 5 unazozinunua kwa mita 32

Msomaji ameuliza: "Barabara ikiwa tupu, nikitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120 nina hasara gani?" Swali zuri, maana jibu lake ni hesabu tu.

Tuanze na faida. Kilomita 50 kwa mwendo wa 100 ni dakika 30. Kwa 120 ni dakika 25. Umeokoa dakika 5, tena kama hakuna lori mbele wala tuta njiani. Kituo kimoja cha kununua maji, zimekwisha.

Sasa bei yake. Kwa 100, gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde 1.5 kuona hatari, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki. Hapo mita 42 zimeshakwenda na pedi hazijagusa diski. Breki nzima, matairi mazuri na lami kavu vitataka mita 55 nyingine, jumla 97. Kwa 120 ni mita 50, kisha 79: jumla 129. Umeongeza mwendo kwa moja ya tano, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza imepanda kwa asilimia 44, kwa kuwa hukua kwa mraba wa mwendo.

Wengi wakisikia hivyo hudhani watachelewa kidogo kusimama. Chukua madereva wawili, ng'ombe mmoja yuko mita 97 mbele, na wote wamemwona sekunde ileile. Wa 100 anasimama puani pa ng'ombe. Wa 120 anamfikia ng'ombe akiwa bado na mwendo wa 77. Hapo mkanda na mfuko wa hewa ndivyo vinavyobaki na kazi.

Mvua ikinyesha, mita za breki zinaweza kuwa maradufu. Tairi ambalo kashata zake (meno yanayoshika barabara) ziko chini ya milimita 1.6 halikamui maji tena. Linaelea juu yake, na usukani unakuwa mwepesi ghafla.

Usiku ni mbaya zaidi. Taa fupi humulika kama mita 50, na kusimama kutoka 80 kunataka mita 68. Maana yake kitu kikionekana kimeshakuwa chako. Kwa taa fupi, kaa kwenye 60.

Matairi nayo. Kinachoyapasua sana kwenye mwendo ni upepo mdogo: ubavu unakunjika kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi zinaachana. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, siyo cha kujazia. Tazama pia tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari wa DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Herufi ya mwendo wa juu ambao tairi linaruhusiwa, mfano S (180) au T (190), inahusu tairi zima lenye upepo kamili, si hilo lenye viraka vitatu.

Likipasuka, usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, gari linyooke, achia mafuta taratibu, na lipungue lenyewe ndipo utoke pembeni.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Aina iitwayo DOT 4, yakiwa mapya, huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, hata 155 yanaweza kuchemka, pedali ikazama hadi sakafuni. Badilisha kila miaka 2. Kwenye mteremko mrefu weka gia ndogo tangu juu, usingoje harufu ya pedi.

Kona punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kabla hujageuza usukani.

Na umbali na gari la mbele: likipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kwenye mvua, hesabu hadi nne.