Ndondo bila refa: timu mbili zisizopatana zinaanzia wapi

Mleta mada, umeuliza namna ya kukutanisha timu mbili za vijana wa miaka 13 hadi 16 hapo Ngamiani, Tanga, ambao kila ndondo (mechi ya mtaani) inaishia kwa mawe. Usiongeze marefa, waondoe. Penye kipenga, kijana hujifunza kumlaumu mwenye kipenga.

Mtindo huu wa kucheza bila refa chimbuko lake ni Medellín, Colombia, baada ya beki Andrés Escobar kupigwa risasi na kufa Julai 1994, siku chache tu tangu ajifunge bao kwenye Kombe la Dunia. Kwanza kikao, kisha mpira, kisha kikao tena.

Anzeni saa 10 alasiri mmalize kabla ya adhana ya Magharibi. Mkichelewa, kikao cha mwisho kinaliwa na kila mtu anarudi kwao na kinyongo chake. Sita kwa sita, dakika 10 kila kipindi. Kabla ya mpira wakae duara moja, wamechanganyika, wakubaliane masharti matatu yanayoonekana kwa macho. "Tuheshimiane" halipimiki, "aliyepigwa tobo (mpira kupitishwa katikati ya miguu yake) asizomewe" likivunjwa kila mtu anaona.

Wasuluhishi wawili, mmoja kila mtaa, wasimame nje ya mstari. Aliyecheza rafu anyooshe mkono mwenyewe. Ubishi ukipita nusu dakika, makapteni waongee. Wakishindwa, mpira wa kudondosha.

Alama: kushinda 3, sare 2, kufungwa 1. Halafu kila timu inawapa wapinzani 0 hadi 3 kwa kutunza masharti, kwa hiyo aliyefungwa anaweza kuondoka na 4 na mshindi akabaki na 3. Hapa ndipo panapoharibika: watalipizana sifuri, au watapeana 3 za bure. Kila alama itajiwe tukio lake, tena kwa maneno ya namna hii: "Ulinikanyaga kisigino mpira umeshaondoka. Niliumia. Naomba ukichelewa, urudishe mguu." Akianza na "nyie wa barabara ya nane mna fujo", msuluhishi amkatishe, aanze upya na "wewe". Anayeambiwa ayarudie aliyoyasikia, ndipo ajibu. Mazoezi ya maneno haya yafanyike darasani, wawili wawili, siku mbili kabla. Mwenye hasira hashiki sentensi mpya uwanjani.

Mashindano ya kugombea mbuzi yasubiri kwanza. Na mechi mbili za mwanzo changanyeni vikosi, watatu wa huku na watatu wa kule, mashabiki wakae mbali na duara.