Maswali na Majibu: Kila Mtu Anauliza Baba

Barua nyingi safari hii zinamhusu Smart Little Lena, farasi wa Texas aliyetamba katika mashindano ya kutenga ng'ombe, ambapo farasi anamzuia ng'ombe mmoja asirudi kundini.

Ni dume au jike? Jina linanichanganya.

Dume. Nimeshajibu mara mbili mwaka huu. "Lena" ni la bibi yake, Poco Lena.

Alishinda nini hasa?

Futurity, shindano kubwa la farasi wa miaka 3 la NCHA (chama cha kutenga ng'ombe cha Marekani), mwaka 1982, kisha Super Stakes na Derby za chama hicho mwaka 1983. Ndiye wa kwanza kuzoa yote matatu. Mgongoni alikuwa Bill Freeman, mtoto wa Shorty Freeman, ambaye naye ndiye aliyempanda Doc O'Lena, baba wa farasi huyu, akashinda Futurity ya 1970.

Mpanda farasi ana kazi gani, ikiwa farasi anamzuia ng'ombe mwenyewe?

Kutoharibu. Ng'ombe akishatengwa na kundi, hatamu zinalegezwa na mkono unashushwa. Ukimwongoza farasi kwa hatamu, unakatwa alama. Dakika mbili na nusu tu, lakini wengi zinawashinda.

Kipaji chake si kilitoka kwa babu yake, Doc Bar?

Haya, tumerudi kwenye mababu. Doc Bar alizaliwa 1956 akakusudiwa mbio, akaambulia dola 95 maisha yake yote uwanjani. Ng'ombe hakuwahi kushindana nao. Watoto wake walianza kung'ara alipopandishwa kwa majike wa ukoo wa dume aitwaye Poco Bueno. Mmoja wa majike hao, Poco Lena, alikuwa bingwa kwelikweli. Mwaka 1962 mmiliki wake alikufa kwa ajali ya ndege, na jike huyo akasahaulika siku kadhaa ndani ya trela bila chakula wala maji, kwato zikaharibika moja kwa moja. Na akiwa anachechemea hivyohivyo, akamzalia Doc Bar wana wawili tu: Doc O'Lena na Dry Doc. Wote wawili walishinda Futurity, 1970 na 1971. Sasa niambie kipaji kilitoka kwa nani.

Naishi Fort Worth. Nina jike wa ukoo wa Poco Bueno, nimpandishe kwa mwana wa Smart Little Lena?

Umempima HERDA? Kama hujampima, usiniandikie tena mpaka umpime. Ni ugonjwa wa kurithi wa ukoo huo, unaofanya ngozi ichanike kirahisi, mara nyingi unagundulika tandiko linapoanza kuwekwa. Hauna tiba. Mbebaji, yaani aliyerithi jini la ugonjwa kwa mzazi mmoja tu, anaonekana mzima kabisa, na Smart Little Lena mwenyewe alikuwa mbebaji. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Kipimo ni nywele chache tu za mkia. Muuza mbegu akikuonyesha medali kabla ya majibu ya maabara, ondoka.

Zile nakala zake za maabara (kloni) nazo ni bingwa?

Zilizaliwa 2006, tano. AQHA, chama kinachosajili farasi wa aina yake (Quarter Horse) Marekani, hakisajili nakala, na mahakama ya rufaa ikakiunga mkono mwaka 2015. Binafsi sioni ubingwa kwa farasi ambaye hajaingia uwanjani. Na majike waliozibeba zile mimba, hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza.