Jiko la peleti: kioo cheusi, moto mvivu, na majivu yasiyozima

SWALI: Naishi Lewiston, Maine, Marekani, na nyumba tunaipasha joto kwa jiko la peleti (vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) tulilolikuta humo. Msimu wa kwanza lilikwenda vizuri. Sasa kioo kinakuwa cheusi ndani ya siku moja, moto umekuwa mrefu na mzito, na mara mbili limejizima usiku ilhali tangi lina peleti. Kila asubuhi nafyonza majivu kwa mashine ile ile ya zulia. Tatizo ni nini?

JIBU: Dada, kwanza hiyo mashine ya zulia iweke kando leo hii. Jivu la juu linaweza kuwa la baridi huku chini yake kuna kaa linalofuka, na kaa hukaa hai kwa siku kadhaa likifunikwa. Mashine ya zulia inalivuta, inalipulizia hewa, kisha inalihifadhi ndani ya mfuko wa karatasi au ndoo ya plastiki. Moto hautawaka mbele yako. Utawaka kabatini umeshatoka. Zaidi ya hapo, kichujio chake hakizuii unga laini wa majivu, kwa hiyo nusu yake unairudisha sebuleni. Nunua mashine maalumu ya majivu, yenye pipa la chuma na kichujio kisichoshika moto. Hata hiyo, itumie jiko likiwa limepoa kabisa.

Majivu yenyewe yatie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko kinachobana, uipeleke nje angalau mita 3 kutoka kwenye nyumba. Usiiweke kwenye baraza la mbao, na usiyamwage kwenye pipa la taka la plastiki.

Sasa tatizo lako. Dalili zote tatu zina chanzo kimoja: jiko linakosa hewa. Feni ya moshi iliyo nyuma ndiyo inayovuta hewa ipite kwenye vitundu vya bakuli la moto, ipande kwenye mabomba ya joto, kisha itoke nje. Njia hiyo ikizibwa na majivu, hewa inapungua, lakini parafujo, ile skrubu kubwa inayoleta peleti kutoka kwenye tangi, inaendelea kuzidondosha kwa kasi ile ile. Kuni nyingi, hewa kidogo: moto unakuwa wa rangi ya machungwa iliyokolea, unayumba polepole na kutoa masizi. Moto mzuri ni mfupi, wa manjano angavu, unarukaruka kwa nguvu. Mvuto ukishuka zaidi, swichi ya presha inakata umeme wa parafujo na jiko linazimika. Kwa hiyo lile kujizima usiku ni kinga inayofanya kazi. Wapo wanaounganisha nyaya za swichi hiyo moja kwa moja ili jiko lisiwasumbue. Usikubali fundi akufanyie hivyo.

Wewe unasafisha panapoonekana, wakati uchafu uko pasipoonekana. Zima jiko kwa swichi yake, subiri feni zimalize mzunguko na zisimame zenyewe, liache saa kadhaa lipoe, ndipo uchomoe plagi. Usichomoe moto ukiwaka, kwani feni itasimama na moshi utarudi ndani.

Anza na bakuli la moto. Litoe, ukwangue lile gome gumu la majivu yaliyoyeyuka na kugandamana, kisha pitisha msumari au waya kwenye kila kitundu, pamoja na tundu la kiberiti cha umeme. Kitundu kilichozibwa nusu kinatosha kuharibu moto. Futa pia kitako ambacho bakuli hukalia: chembe chache zikibaki pale, bakuli halikai sawa na hewa inapita pembeni badala ya kupita kwenye moto.

Kisha ondoa ubao wa nyuma wa chumba cha moto. Majiko mengi yana ubao huo, na nyuma yake mna mashimo ya majivu kushoto na kulia. Hapa ndipo watu wengi hawajawahi kufika, na katika jiko mlilolirithi bila kitabu, hapo ndipo ningeweka dau. Gongagonga kuta kwa mpini wa mpira, majivu yatashuka, yafyonze. Mabomba ya joto yapigwe brashi ya waya.

Feni ya moshi hufunguliwa kwa bolti chache. Safisha mapanga yake kwa brashi laini bila kuyapinda, maana yakipoteza ulinganifu yatatetemeka na kuua beringi. Gasketi yake, yaani kile kitambaa cha kuziba upenyo kwenye kiungo, ikichanika, weka mpya; usiirudishe ile ya zamani, kwa sababu upande huo unasukuma moshi nje, na penye upenyo moshi utaingia sebuleni.

Bomba la moshi lina kifuniko chini ya kiungo cha T. Kifungue huku umekinga mfuko, upitishe brashi yenye kipenyo cha bomba lako, aghalabu inchi 3 au 4, hadi kwenye wavu wa nje. Wavu huo hushika masizi, na kiangazi ndege hupenda kujenga hapo. Watu wengine huvuta masizi kwa mashine ya kupulizia majani. Inasaidia, ila haichukui nafasi ya brashi, na ni lazima jiko liwe baridi kabisa na mpira (kibomba chembamba) wa swichi ya presha uwe umechomolewa. Ukiuchomoa mpira huo, upulize kuelekea ndani ya jiko lenyewe, kamwe si kuelekea kwenye swichi, utaipasua ngozi yake ya ndani.

Mwisho ni mlango. Bana noti ya dola kwenye gasketi, funga, kisha vuta. Ikitoka kirahisi, gasketi imekwisha. Rudia sehemu kadhaa kuzunguka mlango.

Bakuli na kioo ni kazi ya kila siku au ya siku mbili. Nyuma ya ubao, fanya kila wiki chache. Feni na bomba, angalau mara moja kwa msimu au kila tani moja ya peleti, yaani magunia 50 ya ratili 40. Peleti zilizolowa huvimba na kuvunjika kuwa unga, na unga hukwamisha parafujo, kwa hiyo chini ya tangi pafyonzwe mara kwa mara. Usiwashe kwa mafuta ya taa, wala usitie mkaa.

Weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala na katika kila ghorofa. Ni gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, na haina harufu. Umeme ukikatika wakati wa dhoruba, usifungue mlango wa jiko. Ukisikia moshi, fungua dirisha. King'ora kikilia, tokeni nje wote kwanza, ndipo mpige namba ya dharura, 911.

Ukishafanya yote haya na kioo bado kinakuwa cheusi, mwambie fundi apime mvuto wa feni na kasi ya parafujo kabla hajabadilisha kipuri chochote.