Ukifundisha walimu kusoma data, tunga za kwako

Watu wananiuliza sana kwa nini kwenye semina za Excel kwa walimu situmii matokeo halisi ya shule zao. Jamani, weka matokeo ya mock (mtihani wa majaribio) ya shule ya mtu ukutani uone, mwalimu wa hesabu anaanza kujitetea, wa shule jirani anacheka chinichini, somo limeishia hapo. Halafu sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022, na kufuta majina peke yake haisaidii, kwenye shule ya watoto 60 ukiandika "msichana, kidato cha tatu, haoni vizuri" kijiji kizima kinamjua.

So tunga. Ila usikimbilie RANDBETWEEN(0,100), fomula ya Excel inayookota namba yoyote kati ya 0 na 100, ile inamwaga maksi sawasawa kila mahali, wa 3 na wa 98 wanakuwa wengi kama wa 45, na mwalimu aliyesahihisha mitihani hata mwaka mmoja anajua papo hapo hii feki. Mimi natumia ROUND(NORM.INV(RAND(),40,15),0) kwa hesabu, hapo 40 ni wastani na 15 ni kiasi cha kutawanyika, maksi nyingi zinakaa karibu na wastani na chache tu zinaenda mbali, Kiswahili napandisha wastani, alafu nakopi na kupesti values (namba tupu bila fomula), la sivyo namba zinabadilika kila ukigusa shiti.

Raha yake ni kwamba jibu unalo wewe, umelificha mwenyewe, kwa hiyo unajua nani kaliona. Anza na fumbo dogo: darasa la 50, waliofanya mtihani 45 wana wastani wa 40, wale watano ambao hawakutokea wape sifuri badala ya kuacha wazi. Wastani unaanguka mpaka 36, na utashangaa wangapi wanaanza kulaumu ufundishaji kabla hawajaangalia safu ya mahudhurio.

Kisha leta hii, ndo ninayoipenda kuliko zote. Shule A: bweni 20 wamefaulu 18, kutwa 80 wamefaulu 40. Shule B: bweni 80 wamefaulu 64, kutwa 20 wamefaulu 8. Jumla A ina 58 kati ya 100, B ina 72, kila mtu anaipa B kombe. Waambie watenganishe. Bweni A ni asilimia 90 kwa 80 za B, kutwa 50 kwa 40, yani A inashinda kote kote! Hapo usiseme kitu, waache wabishane, watafika wenyewe kwamba B imebebwa na wingi wa watoto wa bweni. Ukiwaeleza mapema umeharibu.

Na andika DATA ZA KUBUNI kwenye jina la faili na juu ya kila shiti, herufi kubwa, maana faili likishaingia grupu la WhatsApp la kata halirudi. Shule ziite A na B tu, ukiita Mwenge au Uhuru karibu kila wilaya inayo na mkuu wake atakupigia simu.